Israeli Ni Nani?

Jina la Israeli twalisikia karibu kila Jumapili, na wengi hudhani ni jina la kabila moja la mbali, basi. Tulitazame katika Maandiko.

Kwanza lilikuwa jina la mtu mmoja, Yakobo, aliyepewa kwenye kivuko cha Yaboki baada ya kushindana mweleka usiku kucha (Mwanzo 32). Kisha likawa jina la wazao wake. Sulemani alipokufa ufalme ukagawanyika, likawa jina la makabila ya kaskazini, hata Samaria ulipoanguka mikononi mwa Waashuri mwaka 722 K.K. Wa kusini waliitwa watu wa Yuda, na ndiko litokako neno Wayahudi. Hata jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa karibu na mwaka 1208 K.K. na kuvumbuliwa mwaka 1896, lamtaja Israeli. Tena mwandishi wake alitia alama ya watu, wala si alama ya nchi.

Lakini watu hao walihesabiwaje? Hapa msomaji wa Marambo hukwama. Kwa desturi ya wazee wetu, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hesabu hiyo Efraimu na Manase, wana wa Yusufu, wangekuwa Wamisri kabisa, maana mama yao Asenathi alikuwa binti wa kuhani wa Oni. Walakini Yakobo aliwatwaa wajukuu hao wawe wanawe, sawasawa na Reubeni na Simeoni (Mwanzo 48:5), wakawa makabila mawili. (Walimu wa Kiyahudi wa baadaye ndio waliofuata upande wa mama, wazee wetu wangewaelewa upesi.) Wala haikuwa damu ya baba peke yake. Walipotoka Misri, watu wengi wa mchanganyiko walikwea pamoja nao, na mgeni aliyetahiriwa alikula Pasaka kama mzalia (Kutoka 12:38, 48). Ruthu Mmoabi alimzaa Obedi, babu yake Daudi. Basi agano ndilo lililowafanya taifa moja.

Nina sababu ya kulisema hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi, kusini mwetu, watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, nao walikuwa wa makabila mbalimbali. Tangu mwaka 1947 kazi ya karanga ilileta Nachingwea wageni wengine wengi. Hata sasa, likitajwa jina la mtu awe mzee wa kanisa, huweza kusikika swali la chinichini: Huyu ni wa ukoo gani? Bibi yake hakununuliwa? Aulizaye hivyo na asome Kumbukumbu la Torati 26:5-10. Mwisraeli alipoleta malimbuko yake aliamriwa kukiri mbele ya madhabahu kwamba baba zake walikuwa watumwa.

Wako pia wasemao kwamba Wakristo tumeshika mahali pa Wayahudi, nao wametupwa. Paulo akataa katika Warumi 11. Sisi wa Mataifa tu tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, na shina ndilo lituchukualo.

Kabla ya somo lijalo fungueni Mathayo 1:1-6, mhesabu akina mama waliotajwa humo, mkatafute kila mmoja alitoka wapi.