Fundi wa Paa: Kazi Yake, Malipo Yake na Usalama Wake



Vikundi vyetu na mabati vimetoka mbali pamoja. Katika miaka ya 1960 na 1970, kina mama wa Mkoa wa Kati, kama ulivyoitwa wakati huo, walichanga pesa kidogo kidogo na kumwezekea mwenzao mmoja baada ya mwingine. Nyasi zikatoka, mabati yakaingia, na watu wakaviita vikundi vya mabati. Hata leo, zamu ya mtu ikifika, mara nyingi anachotaka ni mabati.

Lakini tukikaa mkutanoni tunajadili bei ya bati hadi jioni, na yule atakayepanda juu tunamkumbuka mwisho. "Tafuteni tu kijana mwenye nyundo," tunasema. Katika somo hili tumwangalie huyo fundi: anafanya nini, anajifunza wapi, alipwe vipi, na akianguka, ni nani wa kuulizwa. Somo linawafaa wanaotaka kuezekewa, na pia mzazi ambaye kijana wake anataka kazi hii.

1. Kazi yenyewe ni gani?

Wengi hufikiri kuezeka ni kupigilia misumari. Hiyo ni sehemu ya mwisho. Kwanza fundi hulaza mbao juu ya ukuta na kuifunga kwa waya mzito au ukanda wa chuma ulioshikwa ndani ya ukuta. Halafu huinua kenchi, akapima kama zimesimama sawa, akaziunganisha kwa mbao za kulalia bati. Hapo ndipo bati linapanda.

Mbona kufunga sana? Kwa sababu bati ni jepesi. Upepo mkali ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia mlangoni na dirishani hulisukuma kutoka ndani. Ndiyo maana unaweza kukuta paa la darasa limetua shambani zima zima, misumari bado imeshika bati. Misumari ilifanya kazi yake. Mbao ndizo hazikufungwa kwa ukuta.

Fundi mzuri pia huangalia upepo wa mvua unatoka wapi. Huanza kulaza bati upande ule mwingine na kuufuata upepo kinyume, ili maungio yasiuelekee. Huanza chini, akapanda juu. Kwa bati la migongo, msumari hupigwa juu ya mgongo, si bondeni maji yanakopita. Na huupiga kiasi: ukilegea unavuja, ukizidi unabonyeza bati.

2. Lazima ajue hesabu

Bati huuzwa kwa geji. Hapa wengi hudanganyika, maana namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 28 ndiyo nene zaidi kati ya hizo tatu.

Wacha tuseme nyumba ina urefu wa mita 10, na kila bati, baada ya kulaliana na mwenzake, linafunika sentimita 75. Gawa 10 kwa 0.75, unapata 13 na kitu, kwa hivyo nunua 14. Kama bati moja la mita 3 linatosha kutoka kileleni hadi ukingoni, pande mbili zinahitaji mabati 28. Fundi asiyeweza kukuonyesha hesabu hii kwenye karatasi atakufanya ununue zaidi, au akurudishe dukani kazi ikiwa nusu. Hiyo 75 ni mfano. Pimeni bati lenu wenyewe.

Paa pia ni kisima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linapokea lita 600. Kiasi kidogo hupotea, lakini kijana anayejua pia kufunga mifereji na tangi ana kazi mbili mkononi.

3. Anajifunza wapi?

Wengi hujifunza kwa kumfuata fundi mkubwa kwenye mjengo: kubeba mbao, kukata, kushika ngazi, kisha kupanda. Njia nyingine ni chuo. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule waende wapi, na kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Siku hizi vyuo vya aina hiyo viko chini ya serikali za kaunti, na useremala na uashi ni kati ya masomo yake.

Hata aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na NITA, kuanzia gredi ya 3 kupanda hadi gredi ya 1. Cheti hakipigi msumari, lakini hufungua mlango wa kandarasi za shule na zahanati.

4. Hatari ambayo hatuizungumzi

Jamani, tuseme ukweli. Kuanguka ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Bati lenye umande au mvua linateleza. Bati zima likishikwa na upepo humsukuma aliyelibeba. Waya za stima zikiwa karibu, bati likizigusa huua.

Kwa hivyo fundi asipande paa limelowa. Ngazi iegemee vizuri: kila mita 4 kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1, na kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa mita 1. Avae mkanda wenye kamba iliyofungwa mahali imara, si kwenye ubao alioupigilia asubuhi hiyo.

Paa kuukuu la asbesto msiliguse. Huvunjika chini ya mguu, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari. Ulizeni ofisi ya NEMA kwanza.

Na kijana akianguka? Mwenye nyumba atasema, "Huyo ni wa fundi." Fundi atasema, "Huyo alikuwa kibarua wa leo tu." Mama yake anabaki na bili ya hospitali. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na ajali ikitokea, mwajiri aambiwe. Basi swali la nani ni mwajiri liulizwe kabla mguu haujakanyaga ngazi, na jibu liandikwe.

5. Malipo

Wengine hulipwa kwa siku, wengine kwa kila bati, wengine kwa kazi nzima. Ukilipa kwa bati, kazi huenda mbio, lakini msumari unaweza kurukwa. Ukilipa kwa siku, simamia. Njia ambayo tunaipendekeza ni kulipa kwa hatua: sehemu moja kenchi zikiisha kufungwa na kukaguliwa, nyingine mabati yakiisha, na kidogo kibaki hadi mvua ya kwanza ipite bila kuvuja. Fundi naye asione haya kuitaja kamba na mkanda katika bei yake. Kikundi kikikataa gharama hiyo, kijue kwamba haijaondoka. Imewekwa juu ya mgongo wa kijana.

Kagueni kabla ya kulipa

- Je, mbao ya ukutani imefungwa kwa ukuta, au imelazwa tu?
- Je, kenchi zimeunganishwa zisiyumbe?
- Je, misumari iko juu ya mgongo wa bati, na kila mmoja una mpira wake?
- Ukisimama ndani mchana, je, unaona mwanga kwenye tundu lolote?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la msumari leo ni mbao iliyooza kesho.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijijini kwetu ni nani anajua kuezeka vizuri, na ni kijana gani anajifunza kwake?
2. Kazi ya mwisho tuliyotoa, mwajiri alikuwa nani?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kununua mkanda mmoja, kamba na ngazi nzuri, na kuvikodisha kwa mafundi wetu?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aangalie paa lake mahali linapokutana na ukuta, kisha aje kutuambia ni nini kinalishika.