Tuchague Chombo Gani cha Kupikia Kahawa Nyumbani?
Somo la kusomwa na kujadiliwa kikundini



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kumkemea mvivu, na ni kweli. Lakini jembe likinunuliwa kwa pesa ya watu kumi na watano, hapo lazima lichaguliwe, tena mchana, kila mtu akiona. Somo la leo ni la namna hiyo, ila si la jembe. Ni la chombo cha kupikia kahawa. Lisomeni pamoja kwenye mkutano, mmoja akisoma kwa sauti, na mkifika kwenye maswali ya mwisho msiyaruke.

JAMBO LILIVYOANZA

Hapa kwetu Emali kuna kikundi cha akina mama kumi na watano. Kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 500, na zile shilingi 7,500 humnunulia mama mmoja kitu cha nyumbani anachokitaka mwenyewe. Kuna waliochukua sufuria, kuna aliyechukua godoro, kuna aliyechukua pipa kubwa la maji. Zamu ikamfikia mama mmoja aliyeolewa huku kutoka milima ya Kilungu. Yeye akasema, "Mimi nataka mashine ya espresso."

Wengine wakacheka. Lakini mama hakuwa anafanya mzaha. Akawaambia, "Nikiwa msichana nilichuma kahawa ya baba kila msimu. Tuliibeba kwa mgongo mpaka kiwandani, halafu tukirudi nyumbani tunakunywa chai. Baba alikufa bila kuonja kahawa yake hata siku moja. Juzi binti yangu alinipeleka mahali huko Nairobi wanapouza kahawa ya mashine. Nilipoonja nikasema, kumbe hiki ndicho tulikuwa tunabeba!"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Shida ilikuwa bei. Mashine aliyoiona dukani ilikuwa shilingi 18,000. Mama aliomba zile 10,500 zilizopungua zitolewe kwenye mfuko wa dharura, naye azirudishe pole pole. Sasa, mfuko ule ni wa matanga na hospitali. Mweka hazina akakataa. Wengine wakasema anamwonea mwenzake. Mkutano ukavunjika bila uamuzi, na wakatuita sisi.

Tulianza kwa kukiri kosa letu. Sisi wenyewe tuliwahi kununua mashine kama hiyo, ya mitumba, kwa sababu ilikuwa inang'aa na muuzaji alisema ni bahati. Tuliitumia miezi saba. Maji yetu ya kisima yana chumvi nyingi, ikaganda ndani ya vijibomba vyembamba, mashine ikaziba. Fundi wetu wa hapa Emali ni hodari wa redio na pampu, lakini mpira wa kuzuia maji wa mashine ile hakuupata popote. Leo imefunikwa kitambaa pembeni, na kuku amewahi kutagia juu yake. Kwa hiyo tunaandika kama watu waliolipa karo ya somo hili.

ESPRESSO NI NINI HASA?

Espresso si aina ya mbegu ya kahawa. Ni namna ya kuipika. Kahawa iliyosagwa laini, gramu 7 hadi 9 hivi, hushindiliwa kwenye kikombe cha chuma chenye matundu. Maji ya moto, ambayo hayajafika kuchemka kabisa, husukumwa kupita ndani yake kwa nguvu. Kwa muda wa sekunde 25 hadi 30 unapata kinywaji kizito, kama mililita 30 tu, chenye povu la rangi ya asali juu.

Nguvu hiyo ni kubwa. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho baa, na espresso hutaka kama baa 9. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Kwa hiyo ni kama mara nne ya upepo wa tairi. Ndiyo maana mashine yenyewe ni ghali: lazima iwe na pampu na vyuma vya kustahimili. Ukiona boksi limeandikwa baa 15, usidhani kahawa yake ni tamu zaidi. Hiyo ni nguvu ya mwisho ya pampu tu.

Mashine hizi zilianzia Italia. Angelo Moriondo wa mji wa Turin alisajili ya kwanza mwaka 1884, Luigi Bezzera akasajili yake mwaka 1901, na Achille Gaggia wa Milan akaleta ile ya mkono wa kuvuta miaka ya 1940. Zote zilikuwa za hotelini. Mtu wa kawaida nyumbani alipata nafuu mwaka 1933, Alfonso Bialetti alipotoa birika dogo la alumini liitwalo moka, la kuweka juu ya jiko.

Na sisi je? Kahawa si mgeni kwetu. Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa waliipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Serikali ya mkoloni iliwazuia Waafrika wengi kuilima. Miaka ya 1930 iliruhusu sehemu chache, na ni baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo wakulima wadogo wengi walipopanda. Mpaka leo sehemu kubwa sana ya kahawa ya Kenya huuzwa nje, na mkulima hunywa chai. Kwa hiyo yule mama hakutaka anasa. Alitaka kitu cha haki. Swali ni chombo gani kitamfikisha.

VYOMBO VINNE

1. Sufuria na kichujio. Chemsha maji, epua, tia kahawa, funika dakika nne, chuja kwa kitambaa safi au chungio la chai. Ni rahisi, hutosha watu wengi, na hakuna cha kuharibika. Kahawa yake ni nyepesi kuliko espresso.

2. Dele. Hili ni birika la shaba la watu wa pwani. Fuata barabara yetu mpaka Mombasa utamwona muuza kahawa nalo, makaa yakiwaka chini yake, na vikombe vidogo mkononi. Kahawa yake ni chungu na nzito, mara nyingi ina tangawizi, na huliwa na kashata au haluwa. Tunalitaja ili mjue kwamba kahawa kali ilikuweko huku miaka mingi bila stima.

3. Birika la moka. Lina sehemu tatu: chini maji, katikati kahawa, juu kahawa iliyoiva. Maji yakipata moto, mvuke huyasukuma yapande kupitia kahawa. Nguvu yake ni kati ya baa 1 na 2, kwa hiyo si espresso kamili na povu ni haba. Lakini ladha inakaribia, na ukitia maziwa moto wengi hawatajua tofauti.

4. Mashine ya stima. Hii ndiyo espresso yenyewe. Kuna za pampu, na kuna za vidonge vya kahawa vilivyofungwa tayari. Za vidonge ni rahisi kutumia, lakini ukikosa vidonge vyake, ambavyo hupatikana zaidi miji mikubwa, umebaki na sanduku tupu.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA PESA

Kwanza: moto wetu ni gani? Mashine nyingi hutaka wati 1,000 hadi 1,500. Zile paneli ndogo za sola za kuwasha taa na kuchaji simu haziwezi hata kidogo. Kwa wenye stima, gharama yenyewe si kubwa: wati 1,200 kwa dakika kumi ni sehemu ya tano ya yuniti moja. Shida ni stima kupotea asubuhi, wakati ule ule unataka kahawa.

Pili: maji yetu ni gani? Kama sufuria yako inashika ukoko mweupe, mashine itaziba pia. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora. Ukoko hutolewa kwa kuchemshia maji yenye maji ya ndimu au siki na kusuuza sana, lakini kwenye mashine lazima ufanye hivyo kila baada ya wiki chache bila kusahau.

Tatu: tutasaga na nini? Hapa ndipo wengi hunaswa. Mashine ya espresso inataka kahawa laini na sawasawa kabisa. Kinu na mchi hutoa unga na chenga pamoja, na maji hupita kwa haraka penye chenga. Kwa hiyo anayenunua mashine atanunua na kisagio kizuri, na bei yake aliisahau. Birika la moka husamehe zaidi: twanga, chekecha, na kinachofanana na chumvi ya mezani kinafaa. Chenga zilizobaki zipikie kwenye sufuria.

Nne: ikiharibika nani ataitengeneza? Mwulize muuzaji kama ana mpira na kichujio cha akiba, akuonyeshe kwa mkono, si kwa mdomo.

Tano: tuko watu wangapi? Angalieni sana, birika la moka likiitwa la "vikombe sita" ni vikombe vidogo vya mililita 50 hivi. Jumla ni kama mililita 300, yaani kikombe kimoja kikubwa cha chai cha hapa kwetu na kidogo juu. Wageni kumi wakija, rudi kwenye sufuria.

TUPIGE HESABU

Tuliwaandikia akina mama ubaoni. Bei hizi ni za mfano, nyinyi andikeni za soko lenu.

Mashine ya stima: mashine 18,000, kisagio 9,000. Jumla 27,000. Kwa mchango wa 7,500 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya zamu tatu na nusu za akina mama wengine.

Birika la moka: birika 3,000, mpira wa akiba 300, chungio 150, jiko la makaa lenye udongo ndani 700, nusu kilo ya kahawa 900. Jumla 5,050. Zabaki 2,450.

Sufuria na kichujio: sufuria iko, chungio 150, kahawa 900. Jumla 1,050.

Tuliponyamaza, mweka hazina alisema neno ambalo tumelishika mpaka leo: "Mimi sikumkatalia kahawa. Nilikataa kahawa yake inywewe kwa pesa ya mgonjwa." Na yule mama akajibu, "Hilo ungeniambia siku ile, tusingegombana." Basi tukajua ugomvi haukuwa wa mashine. Hakuna aliyekuwa ameandika hesabu ili wote waione.

NAMNA YA KUTUMIA BIRIKA LA MOKA

- Tia maji sehemu ya chini yasipite ile vali ndogo ya usalama. Vali ikizibwa ni hatari. Ikague kila mara.
- Jaza kahawa kwenye kichujio, isawazishe, usiishindilie.
- Funga kwa nguvu ukishika chombo chenyewe, si mkono wake.
- Weka kwenye makaa ya wastani. Moto usizidi kitako cha birika, maanake mkono wa plastiki utayeyuka. Juu ya mafiga matatu yenye miali, usijaribu.
- Likianza kukoroma, epua mara moja. Ukiliacha kahawa huwa chungu ya kuungua.
- Likipoa, osha kwa maji na ulikaushe likiwa wazi. Usisugue kwa waya wa chuma.

UAMUZI WA KIKUNDI

Walipiga kura. Mama akachukua birika la moka na vitu vyake, na zile 2,450 zikanunulia mwanawe viatu vya shule. Mfuko wa dharura haukuguswa. Pia waliandika kwenye kitabu: kitu chochote kinachozidi zamu moja kitafanyiwa hesabu ubaoni kwanza.

Tulialikwa siku ya kwanza ya kupika. Kikombe cha kwanza alimpa mama mkwe wake. Mzee yule alionja, akakunja uso, akasema, "Hii ni dawa. Leta sukari." Wote tukacheka. Yeye mwenyewe alikunywa bila sukari, pole pole, na hakusema kitu kwa muda.

Hatusemi mashine ya stima ni mbaya. Mwenye stima ya kutegemewa, maji laini, kisagio, fundi wa karibu na pesa yake mwenyewe, ainunue kwa amani. Tunasema chombo kizuri ni kile ambacho moto wako, maji yako, fundi wako na mfuko wako vinakiweza. Kipimo hicho kinafaa pia kwa pampu, cherehani na mashine ya kusaga.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kitu gani kikundi chetu kilinunua na sasa hakitumiki? Kati ya yale maswali matano, ni lipi tulilisahau?
2. Mfuko wetu wa dharura ni wa mambo gani? Je, yameandikwa?
3. Mwanachama akitaka kitu ambacho wengine wanakiona cha ajabu, tunamsikiliza vipi kabla ya kumcheka?
4. Ni mazao gani tunayolima na kuuza yote bila kuonja? Tungefanya nini ili yafike mezani kwetu?