Pilipili manga ikinyauka, chuchumaa kwanza uangalie shina

Wiki hizi simu yangu imejaa picha za majani ya njano. Masika imekolea huku Uluguru, na wanaolima pilipili manga kuanzia Kinole, Mkuyuni mpaka Matombo wananiuliza swali moja: "Afisa, nipige dawa gani?"

Leo sitaanza na jina la dawa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilimgharimu mkulima, na sitaki wewe ulirudie.

Picha ya WhatsApp

Misimu michache iliyopita, kijana mmoja wa upande wa Kinole alinitumia picha. Alikuwa na mashina 300 ya pilipili manga, yamefikisha mwaka wa tatu, ndiyo kwanza yanaanza kutoa mashuke ya maana. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chao, na mavuno yale ndiyo yangelipa deni. Kwenye picha majani yalikuwa ya njano, yamelegea kidogo.

Mimi nilikuwa mjini kwenye kikao. Nikamjibu harakaharaka: "Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Fukua kuzunguka shina, weka urea na samadi, kisha fukia."

Baada ya wiki tatu hivi akapiga.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba. Vipi shamba?"

"Bwana shamba, zinakufa. Kila nikiamka nakuta nyingine imedondosha majani."

Nikapanda bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Tulihesabu mashina 46 yaliyokauka. Nikachuchumaa kwenye moja lililokuwa linaanza kunyauka, nikakwangua gome pale shina linapoingia ardhini. Ndani palikuwa peusi, panatoa maji, na harufu ya kuoza ikanipanda puani. Nikajua hapohapo kwamba urea haikuwa na kazi pale.

Halafu nikapanda juu ya shamba nikatazama mashina yaliyokufa yalivyokaa. Yalianzia kwenye kona ambako maji ya njia ya miguu yanaingia shambani, yakashuka na mteremko kama mkufu. Pembeni ya mkufu huo kulikuwa na mengine yaliyoanza kunyauka, na hayo yalifuata mistari aliyopita akifukua. Nilikuwa nimemwambia afukue. Jembe lilikata mizizi midogo, likabeba tope kutoka shina bovu, likalipeleka kwenye shina zima. Yaani ugonjwa ulianza na maji, lakini ushauri wangu ukausaidia kutembea.

Nilimwambia hivyohivyo, sikuzunguka. Alikaa kimya kidogo, akauliza: "Sasa hizi zilizobaki tunaziokoaje?" Somo la leo ni jibu la swali lake.

Huyu adui ni nani?

Ugonjwa huu ni kuoza kwa shina na mizizi. Kisababishi chake kitaalamu kinaitwa Phytophthora capsici. Unasumbua wakulima wa pilipili manga hata Kerala, kule India ambako zao lenyewe lina asili, na pia Indonesia na Vietinamu. Kwa hiyo usidhani umelogwa.

Wengi tunamwita ukungu, lakini ana tabia moja inayomtofautisha na ukungu wa kawaida: mbegu zake zinaogelea. Udongo ukijaa maji, anatoa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye mikia, vinavyoogelea mpaka kwenye mzizi. Tone la mvua likigonga tope, linavirusha mpaka kwenye majani ya chini. Ndiyo maana masika ni sikukuu yake, na miteremko yetu ya mashariki ya Uluguru, inayopokea mvua nyingi kuliko upande wa Mgeta, inamfaa sana.

Kibaya zaidi, anaanzia chini. Majani yakibadilika rangi, mizizi inaweza kuwa imeshaoza siku nyingi. Jani ni mjumbe anayechelewa kufika.

Kagua hivi kabla hujanunua chochote

1. Angalia shingo ya shina. Kwangua kidogo kwa kisu pale shina linapokutana na udongo. Rangi ya kijani au nyeupe maana yake pazima. Rangi ya kahawia au nyeusi yenye majimaji maana yake pameoza. Safisha kisu kabla ya kwenda shina jingine.

2. Angalia majani ya chini. Tafuta mabaka meusi yenye kingo zilizochanika kama manyoya, hasa majani yaliyo karibu na ardhi.

3. Angalia kasi. Shingo ikioza, mmea unanyauka na kupukutisha majani ndani ya wiki chache, na matawi yanakatika kwenye pingili. Kama mmea unapata njano polepole, mvua ikija unapata nafuu, kiangazi unarudi kuumwa, na hali hiyo inaendelea mwaka wa pili, basi kuna uwezekano ni mizizi midogo inayoliwa na minyoo fundo au kuoza taratibu. Fukua pembeni kidogo uangalie kama mizizi ina vinundu.

4. Angalia mpangilio. Njaa ya rutuba huonekana kwenye eneo pana, na njano huanza sawasawa kwenye majani yaliyozeeka. Ugonjwa wa kuoza huanza na shina moja au mawili, kisha unafuata maji. Simama juu ya shamba utazame.

Ningefanya la kwanza na la nne tu, nisingemwambia yule kijana afukue.

Ukishaukuta shambani

*Funga njia ya maji.* Hii ndiyo kazi ya siku ya kwanza. Chimba mfereji juu ya eneo lenye ugonjwa, ufuate mkingamo wa mteremko na uinamie kidogo upande mmoja, ili maji yaende kwenye majani au kichaka badala ya kupita shambani. Usiyaelekeze kwa jirani, utamhamishia msiba. Najua mitaro ya mkingamo ina historia ndefu huku. Mwaka 1955 wazee wetu waliyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, mpaka ghasia zikatokea Matombo. Mimi sikulazimishi ujenge ngazi. Nakuomba mfereji mmoja tu, mahali ulipoona maji yanaingia.

*Ng'oa yaliyokufa.* Toa shina na mizizi yake, ufanye hivyo siku isiyo na mvua. Choma hapohapo au karibu, usiyaburute katikati ya mashina mazima. Shimo liache wazi lipigwe jua.

*Acha jembe.* Palizi ndani ya pilipili manga ni ya kufyeka tu, kwa panga au kwanja. Kazi ianzie upande mzima, iishie upande mgonjwa. Ukitoka huko, osha buti na zana tope lote litoke, kisha suuza kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji.

*Usipande tena pilipili manga kwenye shimo lile.* Vimelea hivi vinaweza kukaa kwenye udongo miaka kadhaa. Usipande pia nyanya, biringanya, pilipili hoho, maboga wala matango katikati ya pilipili manga, kwa sababu adui huyu anazila jamii hizo pia. Migomba ni salama zaidi.

Sasa tuongee dawa

Hapa vijana wengi mnapoteza hela. Unaingia duka la pembejeo, unasema "nipe dawa ya ukungu", unapewa yenye kabendazimu. Dawa hiyo inafanya kazi kwa aina nyingi za ukungu, lakini huyu muogeleaji haimgusi. Utapiga mara tatu na mimea itaendelea kufa.

Zinazomgusa ni hizi:

- Dawa za kopa, ambazo wengine tunaziita mrututu. Zinakinga, haziponyi shina lililooza. Zipige kwenye majani ya chini na kwenye shingo za mashina mazima, kabla ya masika na tena kabla ya vuli.
- Metalaksili, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Inaingia ndani ya mmea. Unaimwagia kwenye shingo na udongo wa mashina yaliyo jirani na yaliyokufa. Usiitumie peke yake mwaka hadi mwaka, adui atazoea.

Mchanganyiko wa mrututu unaweza kuutengeneza mwenyewe. Yeyusha kilo 1 ya mrututu kwenye lita 50 za maji, ndani ya pipa la plastiki. Kwenye pipa jingine koroga kilo 1 ya chokaa safi katika lita 50. Mimina maji ya mrututu kwenye ya chokaa polepole huku unakoroga. Kisha chovya msumari msafi kwa dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza majani. Tumia siku hiyohiyo. Usitumie chombo cha chuma.

Mambo matatu usiyaruke. Kwanza, nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ufuate kipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Pili, kama kikundi chenu kinauza viungo vya kilimo hai, metalaksili itawafukuzisha sokoni, na hata kopa ina mipaka yake. Muulizeni mnunuzi kabla ya kupiga. Tatu, usioshee bomba kijitoni. Vijito vyetu vinaingia Ruvu, na Ruvu inanywewa Dar es Salaam.

Kinga inaanza kwenye marando

Yule kijana nilimuuliza marando aliyatoa wapi. Akanionyesha shamba la ng'ambo ya kijito, ambalo nalo lilikuwa na mapengo. Kumbe huenda alibeba ugonjwa mwenyewe miaka mitatu nyuma, bila kujua.

Chukua marando kwenye shina lenye afya, katika shamba lisilo na mapengo. Yale yanayotambaa yafungie kwenye kijiti mapema, yasilale na kutoa mizizi ardhini. Udongo wa kitalu uloweshe, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, uuache uive kwa jua la kiangazi wiki 4 hadi 6.

Wakati wa kupanda, weka mche kwenye kituta kidogo, usiweke kwenye kibeseni kinachotuama maji. Mmea ukishakua, ondoa majani na vitawi vyote vya chini mpaka kama sentimita 30 kutoka ardhini, ili tope likiruka lisifikie jani. Matandazo weka, lakini yasiguse shina. Na kabla ya masika punguza matawi ya mti wa egemeo, upepo na mwanga vipite.

Neno dogo kwa wa tangawizi

Nanyi mnaonyaukiwa ghafla, fanyeni kipimo cha glasi. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kuponya, usidanganywe. Ng'oa, choma, usitoe mbegu shamba hilo, na usirudishe tangawizi, nyanya, viazi mviringo wala biringanya hapo kwa miaka kadhaa.

Ilikuwaje mwisho?

Tulichimba mfereji siku ileile, mimi nikiwa na sururu yangu. Mpaka masika inaisha alikuwa amepoteza mashina 71. Yale ya karibu na mkufu hatukuyawahi. Lakini 229 yalibaki, na msimu uliofuata yalizaa. Deni la kikoba alilimaliza, ila kwa kuchelewa, na sehemu kubwa ililipwa na ndizi alizouza. Siwezi kuwaambia kila kitu kilienda vizuri wakati mashina 71 yamekwenda, na baadhi ni kwa mdomo wangu.

Tangu siku ile, mtu akinitumia picha ya jani namjibu kwa maswali mawili: shingo ya shina ina rangi gani, na maji yanaingilia upande gani? Kabla hujanitumia picha yako, chuchumaa uyapate majibu hayo. Na kama mvua imeacha kunyesha leo jioni, chukua kisu uende, kabla ya mvua ya kesho.

Tukutane somo lijalo. Mungu awape mashuke mazito.