Mkaa Unaotuliwa Mzigo

Mkaa wa kupikia unaujua. Mkaa wa somo hili haupikii kitu. Kazi yake ni kunasa.

Mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa kwanza viwe mkaa. Kisha mkaa hupitishiwa mvuke wa maji katika moto mkali sana. Mvuke huutoboa vijishimo vingi visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo vitu vinamonasa: harufu, sumu iliyo hewani, hata dhahabu iliyoyeyuka majini. Kama ungeweza kukunjua vijishimo vyote vya gramu 10 tu za mkaa huo, ungefunika uwanja mzima wa mpira.

Vijishimo vikijaa, mkaa umechoka. Lakini hautupwi. Zamani za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alitoka Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi. Alitembea kama miezi mitatu mpaka Tabora. Hapo alitua mzigo, akapumzika, akapewa mwingine. Mkaa nao hutuliwa mzigo.

Mkoani Tabora, wilaya ya Nzega, kati ya mwaka 1999 na 2013 ulikuwapo mgodi mkubwa wa dhahabu ulioitwa Golden Pride. Katika migodi ya namna hiyo, mawe husagwa na kuchanganywa na maji yenye sayanaidi, ambayo ni sumu kali. Dhahabu huyeyuka, mkaa huinasa. Kisha mkaa huoshwa kwa tindikali, na dhahabu hutolewa kwa dawa ya moto. Ndipo mkaa huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 700 hivi. Hewa huzuiwa isiingie. Kwa nini? Muulize mchoma mkaa yeyote. Udongo wa tanuri lake ukipasuka usiku, asubuhi anakuta majivu. Mkaa ukitoka hupozwa kwa maji, huchekechwa, na kurudishwa kazini.

Sasa soma polepole, maana hapa watu huumia. Mzigo uliotuliwa haupotei. Lazima uende mahali. Mchanga mwingi wa wachimbaji wadogo umekwisha kupita kwenye zebaki kabla ya kufika kwenye sayanaidi. Basi mkaa hunasa dhahabu, na zebaki pia. Ukiuchoma, zebaki hugeuka mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta siku nyingi, mikono hutetemeka, fizi huuma, tena husahausahau. Mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Kitambaa cha puani hakiuzuii.

Mitambo mizuri huupoza mvuke huo uwe zebaki ya maji tena. Unaobaki hupitishwa kwenye mkaa mwingine uliotiwa salfa. Huo wa salfa ukijaa, usijaribu kuurudishia nguvu kwa moto. Joto litaifungua sumu yote. Hutunzwa kama taka ya sumu.

Basi mtu akija uani kwako na gunia la mkaa uliotumika kwenye matangi ya dhahabu, akiomba mahali pa kuuchoma, mkatalie. Usiupikie. Usiuoshe kisimani. Hata gunia lake usilitie mahindi.

Zungumzeni darasani: Je, karibu na kijiji chenu yapo matangi ya dhahabu? Mkaa wake huchomwa wapi, na upepo wa hapo huvuma kuelekea nyumba za nani?