Upepo na Muda wa Safari ya Ndege: Dar es Salaam hadi Mwanza

Mwanafunzi akiulizwa ndege itachukua muda gani kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, aghalabu hugawanya umbali kwa mwendokasi, kisha akaweka kalamu chini. Hesabu hiyo ingetosha kama hewa ingekuwa imetulia. Hewa haitulii, na rubani apaswa kujua kabla ya kuondoka ni mafuta kiasi gani yatamfikisha.

Tuanze na umbali. Kiwanja cha Dar es Salaam kiko latitudo 6°53' Kusini, longitudo 39°12' Mashariki; cha Mwanza kiko 2°27' Kusini, 32°56' Mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 266, na ya longitudo ni dakika 376. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani km 1.852, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, dakika ya longitudo haipungui sana kipimo hicho. Basi twaweza kuchora pembetatu mraba na kutumia kanuni ya Pythagoras:

√(266² + 376²) = maili 461, au km 853.

Hesabu kamili ya tufe hutoa karibu km 851. Njia hii ya mkato isijaribiwe kwa safari ya London hadi Moscow, kwani huko mistari ya longitudo imekwisha kukaribiana mno.

Sasa tuchukue km 850, na ndege yenye mwendokasi wa km 500 kwa saa. Hewa ikitulia, kwenda ni saa 1 dakika 42, na kurudi vivyo hivyo: jumla saa 3 dakika 24. Tuseme upepo wa km 100 kwa saa waisukuma ndege kwa nyuma iendapo Mwanza, na kuikabili irudipo. Wengi hudhani kwamba faida ya kwenda itafidia hasara ya kurudi. Tuhesabu:

Kwenda: 850 ÷ 600 = saa 1 dakika 25.
Kurudi: 850 ÷ 400 = saa 2 dakika 7½.

Jumla ni saa 3 dakika 32½. Dakika 8½ zimepotea, na mafuta yake pia. Sababu ni kwamba ndege ilisaidiwa kwa muda mfupi, ikazuiwa kwa muda mrefu. Upepo ungefikia km 500 kwa saa, ndege hiyo isingerudi kamwe.

Ratiba za abiria huongeza muda wa kutembea kiwanjani, kupaa na kutua, ambao hatukuuhesabu hapa.

Zoezi: upepo huohuo ukivuma kwa pembe mraba na njia, rubani hulazimika kuelekeza pua ya ndege upande utokako upepo, na mwendokasi juu ya nchi huwa √(500² − 100²). Mwanafunzi atafute muda wa kwenda na kurudi, aulinganishe na ule wa hewa tulivu.