Mizani ya Mwanga: Somo la Kusoma Kipima Mawimbi Tunapopiga Picha za Vidio



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kuandika muhtasari wa mkutano na kusoma hati ya mshahara. Leo tunajifunza kupima mwanga katika picha za vidio. Wengine watauliza: jambo hili linamhusu nini mchuma chai au mfanyakazi wa kiwanda cha sukari? Tunawaomba wasubiri, kwa maana sisi wenyewe tuliuliza hivyo hivyo, na kutojua kwetu kulitugharimu.

MAMBO YALIYOTUPATA

Mwaka jana kamati yetu ya mashamba ya chai, hapa magharibi ya Uganda, iliamua kupiga picha za wenzetu wanaopulizia dawa ya magugu. Walikuwa wakifanya kazi hiyo mikono mitupu. Ngozi ilikuwa imebabuka na kucha za wengine zimeharibika. Tulikuwa tumekwisha kuandika barua tatu. Jibu lilikuwa lile lile: malalamiko yenu hayana ushahidi. Tukasema, basi, ushahidi tutauleta.

Tulipiga picha saa sita mchana, juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma ya wasemaji. Wenzetu watano walieleza habari zao vizuri sana. Kwenye kioo kidogo cha kamera tuliona kila kitu kiko sawa. Siku ya kikao na mwajiri tuliwasha televisheni. Bwana Meneja akatazama mpaka mwisho, kisha akasema: "Ninaona mbingu nyeupe na vivuli vinavyozungumza. Hiyo mikono iko wapi?"

Hatukuwa na la kujibu. Alisema kweli. Nyuso zilikuwa nyeusi tupu na mikono haikuonekana. Kituo cha televisheni tulichokipelekea nakala nacho kiliirudisha, kikisema mwanga wake haufai kurushwa.

Tulipotaka kurudia, tulikuta mzee mmoja, aliyeumia kuliko wote, mkataba wake umekwisha naye amerudi kwao ng'ambo ya mpaka. Maneno yake tunayo, lakini mikono yake hakuna atakayeiona.

KWA NINI JICHO HALITOSHI

Baadaye tulipata fundi mstaafu wa televisheni akakubali kutufundisha kwa siku mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ninyi watu wa chai, karani wa mizani akikisia kilo za kapu lako kwa macho, utakubali?" Tukasema, hata kidogo! Akasema: "Basi kwa nini mnakisia mwanga kwa macho?"

Jicho la mtu hujirekebisha. Ukiwa juani, kioo cha kamera huonekana kina giza, nawe utaongeza mwanga kupita kiasi. Ukiwa ndani ya nyumba yenye giza, kioo kile kile huonekana king'avu, nawe utaupunguza. Tena jicho lako linaona mbingu na uso kwa pamoja, lakini kamera haina uwezo huo. Ikiitunza mbingu, uso unazama gizani. Ikiutunza uso, mbingu inaungua. Kwa hiyo inatupasa kuwa na mizani. Mizani hiyo mafundi huiita wevufomu, yaani kipima mawimbi ya picha.

JINSI YA KUKISOMA

Kipima mawimbi ni kioo chenye mistari ya vipimo. Chini ni 0, maana yake giza tupu. Juu ni 100, maana yake weupe kamili. Katikati yake kuna alama zinazoonekana kama moshi au ukungu. Huo ukungu ndio picha yako.

Kushoto kwa kipima ni kushoto kwa picha, na kulia ni kulia. Mtu akisimama kushoto, ukungu wake utakuwa kushoto. Lakini kwenda juu si urefu wa kitu katika picha. Hapo ndipo wengi wetu tulipokosea mwanzoni. Kwenda juu ni wingi wa mwanga. Mbingu iliyo juu ya picha na shati jeupe lililo chini vyote viwili vitapanda karibu na 100. Nywele za mtu, ingawa ziko kichwani, zitakaa chini karibu na 10.

Sasa tazama mambo mawili. La kwanza, ukungu ukijibana kwenye 100 ukawa mstari ulionyooka, kama uzio uliokatwa kwa panga, jua kwamba picha imeungua pale. Kamera haikuandika kitu ila weupe. La pili, ukungu ukilala wote juu ya 0, picha imezama gizani.

Mambo hayo mawili hayafanani kwa hasara. Giza likiwa si la chini kabisa unaweza kulipandisha kidogo kwenye kompyuta, ingawa picha itajaa chenga. Lakini palipoungua hapana dawa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na giza lililogusa 0 ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu hatukuweza kuiokoa mikono ya yule mzee.

Kwa nini vituo vya televisheni ni vikali? Tangu zamani wimbi la picha lilikuwa na kipimo chake. Wimbi zima lilikuwa volti 1: sehemu 0.3 ya kuongoza mistari ya picha, na sehemu 0.7 ya picha yenyewe. Weupe ukipita kiasi hicho uliweza kuharibu hata sauti, watu nyumbani wakasikia mvumo. Siku hizi picha huandikwa kwa tarakimu. Katika mfumo wa kawaida wa biti 8, giza ni 16 na weupe ni 235. Mitambo imebadilika, lakini kanuni imebaki: kila kitu kina mpaka wake.

USO WA MTU MWEUSI UKAE WAPI?

Ndugu, hapa tuwe macho. Vitabu vingi vya zamani viliandika kwamba uso wa mtu ukae kwenye 70. Kamera nyingi zina alama ya mistari, inayoitwa pundamilia, ambayo mafundi walizoea kuitega kwenye 70 kwa sababu hiyo. Uso uliokusudiwa ni wa Mzungu. Ukilazimisha uso mweusi ufike 70, utaugeuza rangi na pengine utaunguza kila kitu kilicho nyuma yake. Ukiiachia kamera ijiamulie mbele ya mbingu nyeupe, utauzamisha. Tulipopima, nyuso za wenzetu wengi zilipendeza kati ya 40 na 55, na za wale weusi zaidi kati ya 30 na 45. Hii si sheria. Kilicho muhimu ni kwamba ukungu wa uso usijibane mahali pamoja. Ukisambaa kidogo, mikunjo na makovu yataonekana.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha huko Marekani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ikiwa sura yake imetoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha. Watu weusi waliotoka kama vivuli hawakuwa katika hesabu.

Tena tuwakumbuke wenzetu wa kiwanda. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilitumika Afrika ya Kusini kupiga picha za vitambulisho vya kuwabana Waafrika. Wakaunda chama cha kupinga na kudai kampuni iondoke kule. Hunter alifukuzwa kazi. Lakini mapambano hayakufa, na mwaka 1977 Polaroid iliacha kuuza bidhaa zake Afrika ya Kusini. Tunajifunza kwamba kamera inaweza kumtumikia mnyonge au mwenye nguvu. Inategemea ni nani anayeishika na kuielewa.

KIPIMA RANGI

Ndugu wa kipima mawimbi ni vektaskopu, yaani kipima rangi. Hiki ni duara. Katikati ya duara hakuna rangi. Kadiri ukungu unavyokwenda ukingoni, ndivyo rangi inavyozidi kukolea. Pembeni kuna vituo sita: nyekundu, njano, kijani, samawati, buluu na zambarau.

Kati ya nyekundu na njano kuna mstari wa ngozi. Ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari huo huo mmoja. Tofauti yetu kubwa ni ya mwanga, ambayo husomwa kwenye kipima mawimbi. Sisi wa chai tuna adui mmoja: majani. Mtu akisimama katikati ya michai, au chini ya turubai la kijani, ukijani hupanda usoni naye huonekana mgonjwa. Kipima rangi kitakuonyesha ukungu wa uso ukihama kuelekea kijani. Msogeze atoke hapo.

KAZI KWA VITENDO

Hatuhitaji kununua mtambo wa gharama. Baadhi ya kamera za siku hizi zina kipima mawimbi ndani yake, na programu ya kompyuta ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, inavyo vipima vyote viwili. Ikiwa tawi lina simu tu, fanyeni hivi:

1. Msimweke msemaji mbele ya mbingu wala dirisha. Mwekeni kivulini, kama barazani, uso ukielekea upande wenye mwanga. Nyuma yake pawe na ukuta uliofifia.

2. Shuka jeupe likishikwa karibu naye, upande wenye giza, litarudisha mwanga usoni. Sisi tulitumia shuka la kitanda.

3. Kwenye simu, gusa uso juu ya kioo na ushikilie kidole mpaka mwanga ufungwe. Usipofanya hivyo, simu itabadili mwanga kila mtu apitapo nyuma.

4. Pigeni picha ya majaribio ya sekunde 10, msemaji akishika karatasi nyeupe. Itazameni kwenye kompyuta. Karatasi isijibane kwenye 100, uso usilale chini, na karatasi ikae katikati ya duara la rangi.

5. Kama ni jeraha, pigeni kwa karibu na mpime upya. Mkono una mwanga wake, uso una wake.

6. Mpeni msemaji nafasi ya kukataa. Picha nzuri humtambulisha mtu. Kama anaogopa kufukuzwa, pigeni mikono tu na muache uso.

TULIPORUDIA

Tulirudia na wale wanne waliobaki, kwenye baraza la ghala, saa tatu asubuhi. Mama mmoja alinyosha mikono yake mbele ya kamera, na kwenye kipima tukaiona imekaa kwenye 45, kila ufa wa ngozi ukisomeka. Katika kikao cha pili hakuna aliyeuliza mikono iko wapi. Wapuliziaji wamepewa glavu na buti. Madai ya matibabu na fidia bado yako mezani, na kwa mzee wetu aliyevuka mpaka tunatafuta njia ya kumfikia kupitia chama cha wenzetu wa huko.

Hatusemi kwamba kipima mawimbi ndicho kilicholeta glavu. Glavu zililetwa na wapuliziaji waliokubali kusema, na wenzao waliosimama nyuma yao. Lakini mtu akijitoa kusema ukweli mbele ya chama chake, ni wajibu wetu kuhakikisha anaonekana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KWENYE MATAWI

1. Kwa nini shati jeupe lililo chini ya picha hupanda juu kwenye kipima mawimbi?

2. Kati ya picha iliyofifia kidogo na picha iliyoungua, ipi inaweza kuokolewa, na kwa nini?

3. Katika tawi lenu, ni jambo gani linaloitwa "halina ushahidi"? Ni nani atakayekubali kusema, na mtamlindaje?

Umoja ni nguvu.