Somo kwa Makatibu na Wanachama: Kupima Afya Yetu na ya Majirani



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi, hoja iliyokuwa mezani ilihusu kutenga sehemu ya makato ya korosho kwa ajili ya usafiri wa wajawazito na wagonjwa mahututi. Mwanachama mmoja alisimama akasema: "Redio imetangaza kuwa watoto wetu wanakufa wachache kuliko wa Msumbiji. Ikiwa majirani tumekwisha kuwapita, fedha hizi tuongezee ghala." Katibu hakuwa na la kujibu, na hoja ikaahirishwa. Somo hili limeandikwa ili katibu mwingine asikwame mahali hapo.

Yafaa tuanze kwa kukiri kuwa mwanachama yule hakusema uongo. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa namna hiyo hiyo uliofanywa Msumbiji mwaka 2022 hadi 2023 ulipata watoto 60. Kasoro ya hoja yake imo katika neno "wetu". Hesabu ile ni wastani wa nchi nzima, na wastani huchanganya Newala na Arusha, Masasi na Dar es Salaam, kama mtu anayechanganya korosho za daraja la kwanza na la pili katika gunia moja kisha akatangaza bei ya gunia.

Tazameni malaria. Uchunguzi ule wa 2022 uliwapima damu watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania nzima, watoto 8 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwa Mkoa wa Mtwara walikuwa 20. Msumbiji, kwa nchi nzima, walikuwa 32. Basi mkoa wetu umesimama katikati hasa: umbali wake na wastani wa taifa ni sawa na umbali wake na wastani wa Msumbiji. Mbu hana habari na mpaka wa Ruvuma.

Hata hivyo, tofauti ya nchi hizi mbili haikushuka kutoka mbinguni. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na miaka miwili tu baadaye ikaingia katika vita vya ndani vilivyodumu hadi mwaka 1992. Katika vita hivyo zahanati na shule zililengwa makusudi, zikachomwa. Tanzania kwa upande wake iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na ikaanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Tena tangu mwaka 2017 Cabo Delgado imerudi katika mashambulizi. Anayejilinganisha na jirani aliyechomewa nyumba asijisifu sana kwa kuwa na paa.

Kwa mafunzo zaidi, jirani wa kutazamwa ni Malawi. Mwaka 1992 watoto 234 katika kila 1,000 walikuwa wakifariki kule kabla ya miaka mitano. Tanzania, kwa uchunguzi wa 1991 hadi 1992, walikuwa 141. Kila aliyesoma takwimu hizo angesema Malawi haitatufikia kamwe. Lakini katika uchunguzi wa 2015 hadi 2016 Malawi ilipata 63, nasi tukapata 67. Walitufikia, wakatupita kwa hatua moja, na wakati huo pato la Mmalawi mmoja kwa mwaka halikufika hata nusu ya pato la Mtanzania.

Waliwezaje? Hawakugundua dhahabu. Waliajiri wasaidizi wa afya wa vijijini kwa maelfu, watu wanaokaa miongoni mwa wanakijiji, wakichanja, wakipima watoto na kutibu homa na kuhara kabla mtoto hajazidiwa. Walisambaza vyandarua. Tena waliwahimiza akina mama wajifungulie mahali penye mkunga: katika uchunguzi huo huo, Malawi wazazi 91 katika 100 walijifungulia kwenye kituo cha tiba, wakati Tanzania walikuwa 63. Sisi tulifika 81 mwaka 2022.

Hapa ndipo tunapojifunza kuwa pato ni kipimo kimoja tu. Ninyi mnalijua hilo kuliko wachumi. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 korosho ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, karibu mara mbili ya msimu uliotangulia. Je, afya ya watoto wa Newala ilikuwa bora mara mbili mwezi Novemba? Ndiyo maana tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa hutoa kila baada ya muda taarifa inayopima maendeleo kwa mambo matatu pamoja: urefu wa maisha, elimu, na pato.

Nayo Kenya hutufundisha jambo jingine. Kwa vifo vya watoto tumekaribiana sana: wao 41 katika 1,000 mwaka 2022, sisi 43. Lakini ukipima urefu wa watoto kulingana na umri, Kenya waliodumaa ni 18 katika 100, na Tanzania ni 30. Maana yake ni kwamba tumejifunza kumzuia mtoto asife, lakini hatujajifunza kumlisha akakua sawasawa. Mtoto aliyedumaa hazikwi, kwa hiyo hatuhesabiwi kama msiba. Huyu ndiye mkulima na karani wa miaka ishirini ijayo. (Nami naungama kuwa jambo hili hunisumbua kuliko mengine yote ya somo hili, kwa sababu katika wilaya za korosho njaa si sababu pekee, mihogo ipo, lakini mtoto hupewa uji mtupu.)

Sasa onyo kwa makatibu. Mnajua kwa nini tunapigana na kangomba: kopo si mizani, na kilo ya kopo hailingani na kilo ya ghala. Takwimu nazo zina kangomba zake. Chukueni vifo vya wazazi. Uchunguzi wetu wa 2015 hadi 2016 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulitoa 104. Wakati huo huo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria vifo 238 kwa mwaka 2020. Hakuna aliyedanganya. Vifo vya wazazi huwa vichache katika kaya zinazohojiwa, hivyo vifo kumi vikiongezeka au kupungua hesabu huruka mno. Na wakadiriaji hutumia njia nyingine. Msomaji anayechukua 104 yetu na kuiweka kando ya kadirio la Umoja wa Mataifa kwa Malawi au Msumbiji anapima upande mmoja kwa kopo na upande wa pili kwa mizani.

Kwa bahati, kwa sehemu zetu ipo hesabu isiyotegemea wastani wa taifa. Mwaka 2007 watafiti walizihesabu kaya 226,000 katika wilaya kadhaa za Lindi na Mtwara, Newala ikiwamo. Walitazama vifo vya wazazi vinavyotokana na uzazi wenyewe, kama kutoka damu, kisha wakapima umbali wa nyumba hadi hospitali. Kwa waliokaa ndani ya kilometa 5, vifo vilikuwa 111 kwa vizazi 100,000. Kwa waliokaa zaidi ya kilometa 35, vilikuwa 422. Korosho ni zile zile, bei ile ile. Kilichowatofautisha akina mama hao karibu mara nne ni umbali wa kufika hospitali.

Turudi basi kwenye ile hoja iliyoahirishwa. Aliyeuliza kuhusu Msumbiji alistahili kujibiwa kwamba tofauti kubwa kuliko ile ya nchi na nchi imo ndani ya eneo la chama chetu wenyewe, baina ya mwanachama aliye jirani na hospitali na yule aliye ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Tangu 2022 Serikali imeeneza mpango wa m-mama wa kusafirisha wazazi wenye dharura kwa kupiga simu 115, na chama hakina haja ya kuanzisha mpango wa pili. Lakini gari haliingii kwenye njia ya mchanga iliyokatika, na mzazi hapigi simu mahali pasipo mtandao. Ni chama kinachojua njia hizo, kwa kuwa magari yake ya korosho hukwama humo humo kila msimu.

Kwa kikundi cha masomo, kabla ya mkutano ujao: katibu achukue daftari la wanachama na kuandika kando ya kila kitongoji kilometa za kwenda zahanati na za kwenda hospitali. Wajumbe wajadili ni vitongoji vipi vimezidi kilometa 35, ni wanachama wangapi wanakaa huko, na ukarabati wa sehemu mbovu za njia zao utagharimu makato ya kilo ngapi. Majibu yaletwe mkutanoni yakiwa yameandikwa.